Dirisha Jeusi Katikati ya Mtihani

Siku daktari alipomwambia Zakariye Jama kwamba macho yake hayatarudi, mama yake alikuwa ameketi kando yake akiwa amemshika mkono. Mama huyo, Qamar, alikuwa ameishi Nairobi zaidi ya nusu ya umri wake, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kununua na kuuza tu. Daktari alipoanza kutaja mishipa ya jicho na presha, alimgeukia mwanawe akamuuliza kwa Kisomali amesema nini. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Zakariye akatafsiri habari zake mwenyewe, sentensi baada ya sentensi, bila kuacha kitu, kana kwamba anazungumza juu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Alipomaliza, mama akataka kujua kama daktari ana hakika. Akamuuliza daktari, akapata jibu, akalitafsiri hilo pia.

Kabla ya hapo alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Kazi iliisha mwezi uleule. Akahamia Ziwani, kwa mama yake na dada yake Ifrah, ambaye alikuwa akiuza madira na mashuka kwa jumla katika soko la Gikomba na alikuwa na chumba cha ziada. Kwa muda mrefu Zakariye hakufanya lolote katika chumba hicho. Alisikiliza redio, alisikiliza nyundo za mafundi wa mabati kutoka upande wa pili wa barabara, alisikiliza majirani wakigombania bomba. Ifrah akirudi jioni alimkuta alipomwacha.

Aliyemtoa hapo ni mwanamke wa Kikamba aitwaye Koki Kilonzo. Koki alizaliwa haoni, na mara mbili kwa wiki aliwafundisha kompyuta watu wasioona katika ukumbi wa kanisa karibu na hapo. Ifrah alisikia habari zake sokoni, akampeleka kaka yake huko karibu kwa nguvu. Koki hakuwa mwalimu wa maneno matamu. Aliwapa wanafunzi wake kompyuta zenye programu ya kusoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo, akawakataza kuomba msaada wa mtu mwenye macho hata wakikwama nusu saa. Na jambo ambalo Zakariye hakulielewa mwanzoni, aliwafundisha dirisha la amri kabla ya kitu kingine chochote.

Dirisha hilo ni jeusi, halina picha wala vitufe vya kubofya. Mtu anaandika amri kwa maneno, anabonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta inajibu kwa maneno. Watu wengi wanaoona huliogopa. Koki aliwaambia wanafunzi wake kwamba madirisha mengine yote yametengenezwa kwa ajili ya macho, na wao wataingia humo kama wageni kila siku. Lakini dirisha la amri ni maneno matupu, na maneno sauti yao inayasoma yote. Zakariye alichukia somo hilo kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja akagundua kwamba amekuwa akifanya kazi nzima ya asubuhi humo ndani bila kukasirika hata mara moja.

Ni Koki aliyemtumia tangazo. Shirika moja lilikuwa linatafuta wakalimani wa Kisomali na Kiswahili, watu wa kukaa nyumbani na kupigiwa simu na hospitali pale muuguzi na mgonjwa wanaposhindwa kuelewana. Mtihani wa kuandika ungekuja kwanza, halafu wa kuzungumza. Zakariye alilisikiliza tangazo hilo mara tatu bila kumwambia mtu. Alipomwambia Ifrah, alisema tu kwamba hii kazi angeifanya hata kama angekuwa na macho.

Masharti ya mtihani yalikuwa makali. Mtahiniwa afanye kwenye kompyuta yake, peke yake chumbani, kamera ikiwa wazi, na msimamizi awe anaona kioo chake na kumsikia kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu ya kusoma kwa sauti iliruhusiwa kwa asiyeona. Programu za kutafsiri zilikatazwa kabisa. Atakayefungua programu ambayo hakuitaja kabla, au atakayepatikana na mtu mwingine chumbani, mtihani wake ungesimamishwa palepale na asingeweza kurudia mpaka mwaka ujao.

Jumamosi alijaribu kila kitu. Alifungua hati za majaribio alizotumiwa na shirika, zote za aina ya PDF, na sauti ikazisoma vizuri kutoka juu hadi chini. Akafunga kompyuta akiwa ametulia.

Jumapili Ifrah akamwomba kompyuta hiyo. Madira mapya yalikuwa yamefika na alitaka kurekebisha picha zake awatumie wateja. Zakariye akamwambia achukue, yeye akaondoka na mama yao kwenda kumwona jamaa mgonjwa Majengo. Binamu yao Mumin, aliyekuwa anajua mambo ya picha, akaja kumsaidia Ifrah. Aliona kompyuta haina programu ya maana ya kuchorea, akaweka moja, wakafanya kazi yao, wakamaliza, wakaifunga. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna la kumwambia Zakariye. Programu hiyo mpya, ilipowekwa, ilijiandikisha kwenye kompyuta kuwa inaweza kufungua aina nyingi za faili. PDF ilikuwa mojawapo, na kompyuta ikaanza kuzifungua PDF zote kwa programu hiyo.

Mtihani ulikuwa Jumanne asubuhi. Ifrah hakwenda sokoni siku hiyo. Aliwaomba majirani watoto wasichezee mlangoni, akampeleka mama yao kwa jirani, akakaa kwenye korido juu ya kistuli. Dirisha la chumba cha Zakariye lilitazama korido hiyo, na kwa sababu meza ilikuwa chini yake, Ifrah aliweza kuona kioo cha kompyuta kwa pembeni kupitia upenyo wa pazia. Kamera ilielekea mlangoni. Mtu yeyote ambaye angeufungua mlango angeonekana.

Zakariye alivaa visikizio. Sikio la kushoto lilikuwa la sauti ya kompyuta, la kulia la msimamizi. Msimamizi alijitambulisha kwa jina la Nabiswa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kurudia maneno yaleyale kila siku. Alimwomba aonyeshe kitambulisho kwenye kamera, aizungushe kompyuta ili chumba kizima kionekane, ataje programu zilizo wazi. Ifrah aliinama chini ya dirisha kamera ilipopita. Kisha Nabiswa akamweleza kwamba vifungu vya kutafsiri ni vitatu, kila kimoja kitajifungua atakapobonyeza kitufe chake, muda ni mmoja kwa vyote, na sasa unaanza.

Zakariye akabonyeza.

Sauti ilitaja kitu kuhusu kurasa za kuingizwa, kwa haraka, halafu ikanyamaza. Akabonyeza kitufe cha kuingiza, akidhani ni ujumbe wa kawaida wa kukubali. Akangoja. Akashuka kwa mshale. Kimya. Akapanda. Kimya. Akaagiza isome dirisha zima kutoka juu, nayo ikatamka maneno mawili matatu yasiyo na mpangilio, majina ya vifaa, brashi, kifutio, kisha kimya tena.

Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba sauti imekufa. Akaiuliza saa. Ikamtajia saa bila kusita. Basi sauti ilikuwa hai, ila haikuwa na cha kusoma.

Ifrah, kutoka koridoni, alikuwa anaona anachokosa kaka yake. Ukurasa wa mtihani ulikuwa mbele yake mweupe, herufi zake zikionekana wazi kabisa, umezungukwa na vidude vya rangi na penseli. Alivitambua. Ni vilevile alivyoviona Jumapili Mumin akiviburuta huku na huku juu ya picha za madira. Alielewa kwamba maandishi yale sasa ni picha, na kwamba kaka yake hawezi kusomewa picha. Alisimama, mkono ukafika kwenye kitasa cha mlango, akaukumbuka uso wa kamera. Kama angeingia kumwambia, angekuwa amemaliza mtihani kwa mkono wake. Akarudi kukaa. Akauma ncha ya mtandio wake.

Ndani, Zakariye aliagiza sauti imtajie jina la dirisha alilo ndani yake. Ikamtajia jina la programu ya kuchora ambayo hajawahi kuiweka.

Alifunga dirisha hilo akabonyeza kitufe cha kifungu tena. Likaja lilelile. Akafikiria kuitafuta faili yenyewe na kuifungua kwa njia nyingine, lakini programu ya mtihani ilikuwa inaiweka mahali pasipojulikana na kuifuta kila dirisha linapofungwa. Haikumpa nafasi ya kuchagua. Iliitupa tu faili kwa kompyuta na kusema ifungue, na kompyuta ikaifungulia pale ilipozoea. Kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kuyabadilisha mazoea hayo. Akaminya vitufe vitatu kwa pamoja, na dirisha jeusi likafunguka.

"Bwana Zakariye," Nabiswa akasema sikioni mwake. Sauti ya kuzoea ilikuwa imetoweka. "Nimeona umefungua dirisha jeusi ambalo hukulitaja. Ondoa mikono kwenye kompyuta."

Akaiondoa. Akaiweka juu ya meza, viganja vikitazama juu, bila kujua kwa nini ameiweka hivyo.

Alijaribu kueleza taratibu, lakini maneno yalimtoka kwa kusukumana. Alisema kwamba kifungu cha kwanza kimefunguka katika programu ya kuchora, kwamba humo maandishi yanakuwa picha na sauti haiwezi kuyasoma, kwamba hajui programu hiyo imefikaje. Alisema dirisha jeusi ni la kuamuru kompyuta kwamba faili za aina ile zifunguliwe na programu gani. Alisema halina uwezo wa kutafsiri kitu.

Nabiswa akamwambia kwamba yeye, kwa upande wake, anakiona kifungu vizuri tu kwenye kioo.

"Wewe unakiona," Zakariye akasema. "Mimi sina chochote mbele yangu, Madam. Ni kama umenipa karatasi tupu."

Kisha Nabiswa akamwambia kwamba kanuni ziko wazi, programu ambayo haikutajwa ni kusimamisha mtihani. Lakini hataki kuamua peke yake. Akamwambia asiguse kitu, anaenda kuuliza. Mlio mdogo ukaashiria kwamba amezima kipaza sauti chake.

Muda haukusimamishwa. Sauti ya kompyuta, ambayo Zakariye mwenyewe alikuwa ameipangia hivyo, ilimtajia dakika zilizobaki kila baada ya kitambo. Mikono ilikuwa pale juu ya meza. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio chini ya visikizio. Huko nje mafundi walikuwa wanapiga mabati, na mtu akapita akiuza maji kwa kuita. Alianza kupanga kichwani jinsi atakavyomweleza mama yake kwamba imeshindikana, akashtuka kuona ameshapata sentensi ya kwanza ya Kisomali, nzuri kabisa, isiyo na kosa. Akaiacha. Akaanza badala yake kujikumbusha amri, moja moja, kama Koki alivyokuwa anawalazimisha kuzitaja kwa mdomo kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta. Ya kwanza, uliza kilichopo. Ya pili, badilisha. Ya tatu, uliza tena, kwa sababu amri ya kubadilisha haijibu kitu, iwe imefaulu au haikufaulu.

Sauti ikamtajia dakika tena. Zilikuwa zimepungua vibaya.

Mlio mdogo. Nabiswa alikuwa amerudi.

Alisema Zakariye amekubaliwa kuendelea, kwa masharti. Kila amri ataitaja kwa sauti na kusema inafanya nini kabla ya kuibonyeza. Akibonyeza kabla hajapewa ruhusa, mtihani umekwisha. Na muda aliopoteza hataongezewa.

Zakariye akakubali. Akaandika amri ya kwanza, akaisoma: `xdg-mime query default application/pdf`. Akaeleza kwamba anaiuliza kompyuta PDF inafunguliwa na nani. Nabiswa akamruhusu. Akabonyeza, na sauti ikamsomea jibu: ile programu ya kuchora. Alihema. Angalau alikuwa amekisia sawa.

Akaandika ya pili: `xdg-mime default evince.desktop application/pdf`. Akaeleza kwamba evince ndiyo programu ya kusomea hati, ile aliyoijaribia Jumamosi, na anaamuru ipewe PDF zote. Nabiswa akarudia maneno yale polepole, kwa jinsi ya mtu anayeyaandika, akamwambia abonyeze. Akabonyeza. Kompyuta haikusema kitu. Akaeleza kwamba ndivyo ilivyo, akarudia amri ya kuuliza.

Jibu lilikuwa programu ya kuchora.

Koridoni, Ifrah aliona mabega ya kaka yake yakishuka. Hakuelewa maandishi yaliyokuwa kwenye dirisha lile jeusi, ila aliyaelewa mabega.

"Kuna shida?" Nabiswa akauliza.

"Nimekosea jina," Zakariye akasema. "Nimeliandika jina la zamani. Kompyuta imetafuta programu yenye jina hilo haikuipata, ikarudi kwa ile ile. Naomba nione majina yalivyo."

Zakariye alijua Nabiswa anachokifikiria: kwamba mtu huyu amepewa ruhusa ya amri mbili na sasa anaomba ya tatu, na ya nne, na kwamba hakuna wa kumthibitishia kama anasema kweli. Kisha Nabiswa akamwambia aendelee, aisome kwanza.

Akaandika `ls /usr/share/applications | grep -i evince`, akaeleza kwamba hapo ndipo kompyuta inapoweka majina ya programu zote, na yeye anataka lenye neno evince tu, liwe limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Akabonyeza. Sauti ikasoma jibu kwa mbio, kama neno moja refu lisiloeleweka. Akalirudia kwa herufi moja moja. O. R. G. Nukta. G. N. O. M. E. Nukta. Hapo sauti ikapanda kidogo, kama inavyofanya ikikutana na herufi kubwa. E. Kisha ikashuka tena. V. I. N. C. E. Akairudisha nyuma aisikie ile E mara ya pili, na ya tatu. Hakutaka kuikosa.

Akaandika upya amri ya kubadilisha, akaisoma yote, nukta kwa nukta: `xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf`. Akasema E ni kubwa. Nabiswa akasema haya. Akabonyeza, kimya kama kawaida. Akauliza tena.

`org.gnome.Evince.desktop`, sauti ikasema.

Hakushangilia. Aliomba ruhusa ya kufunga dirisha jeusi, akalifunga, akabonyeza kitufe cha kifungu cha kwanza. Na sauti ikaanza kusoma, kwa ule ukavu wake usio na huruma, maelezo ya jinsi ya kusafisha kidonda cha upasuaji nyumbani. Zakariye alikisikiliza kifungu chote kama mtu anayesikia jina lake likitajwa.

Ifrah aliona vidole vikianza kukimbia. Ndipo alipoachia mtandio. Alishuka kwenye kistuli akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta.

Muda uliobaki haukutosha, na Zakariye alijua hivyo tangu mwanzo. Aliamua kutosoma mara mbili mahali ambapo kwa kawaida angesoma mara mbili. Kifungu cha kwanza kilikwenda kwa urahisi. Cha pili kilikuwa barua ya kumwomba mgonjwa akubali kupasuliwa, yenye sentensi ndefu za kisheria, na alikatakata sentensi hizo kuwa fupi, akijua kwamba mtu atakayesaini anahitaji kuelewa zaidi ya anavyohitaji kuvutiwa. Cha tatu kilikuwa mazungumzo ya muuguzi na mama aliyejifungua mtoto njiti. Alikifikia akiwa amechelewa. Muuguzi alikuwa anaeleza jinsi ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na mama anauliza maswali, na Zakariye alikuwa katikati ya jibu la swali la mwisho programu ya mtihani ilipojifunga. Sentensi ilibaki imekatika baada ya neno "usimwache".

Nabiswa akamshukuru kwa sauti ya kawaida akamwambia majibu yatatumwa. Kisha, kama aliyekumbuka kitu mlangoni, akaongeza, "Pole kwa muda, Bwana Zakariye." Na laini ikakatika.

Ifrah aliingia akamkuta bado amevaa visikizio. Alimwambia habari za Jumapili zote kwa pumzi moja, Mumin, madira, programu. Alikuwa analia na hakujaribu kuficha, maana kilio kilisikika. Zakariye alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na hasira, na alimwambia hivyo. Alimwambia kwamba kompyuta hiyo ndiyo macho yake, na mtu hawezi kubadilisha kitu ndani ya macho ya mwenzake halafu asiseme. Kisha Zakariye akauliza kama ni kweli alikuwa amekaa pale koridoni akiona kila kitu. Ifrah akasema ndiyo.

"Na hukuingia."

"Nilishika kitasa, walaal, ndugu yangu. Mara mbili nilikishika."

Zakariye akavua visikizio. Alinyoosha mkono, akaupata wa dada yake, akaukuta una baridi kuliko wake. Ifrah akaenda kupika chai, na Zakariye akampigia Koki. Koki alisikiliza mkasa mzima, akauliza swali moja tu, kwa nini hakuangalia jina la programu kabla ya kuliandika. Zakariye akasema alikuwa anaogopa. Koki akasema sawa, na mara ya pili aliliangalia. Kutoka kwake hizo zilikuwa sifa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko mtihani. Zakariye aliikumbuka ile sentensi iliyokatika, akaikamilisha kichwani kwa njia nyingi, kila moja bora kuliko iliyotangulia. Mama yao Qamar, ambaye hawakumweleza mengi, alijua tu kwamba mwanawe anangoja kitu, akawa anaomba dua bila kuuliza ni ya nini.

Simu ilikuja mchana Ifrah akiwa sokoni. Alikuwa Nabiswa. Alisema barua rasmi itafuata, lakini ameomba ampigie mwenyewe. Kifungu cha tatu kilikosa mwisho na alama zake zimekatwa. Cha pili wasahihishaji wamekisifu. Kwa jumla amepita, na ameitwa mtihani wa kuzungumza.

Zakariye alishukuru. Alidhani simu imekwisha, lakini Nabiswa akaendelea, polepole zaidi. Alisema wiki ijayo kuna mtahiniwa mwingine asiyeona, msichana wa Donholm, na yeye ndiye atakayemsimamia. Siku ile alipoliona dirisha jeusi alikuwa na hakika kabisa kwamba anamwona mtu akiiba mtihani. Ilibaki kidogo tu abonyeze kitufe cha kusimamisha, kidole kilikuwa juu yake. Hataki kukaa tena katika hali hiyo. Akamwomba, kama haitamsumbua, amwandikie amri zile na maelezo ya kila moja, ili kabla ya muda kuanza awe anahakikisha na mtahiniwa kwamba faili zinafunguka mahali zinaposomeka.

Zakariye akamwambia atamwandikia. Akaongeza kwamba aanze kwa kumfungulia mtahiniwa ukurasa mmoja wa majaribio na kumuuliza anasikia nini. Amuulize anasikia nini, akasisitiza, asimuulize anaona nini. Nabiswa akacheka kwa aibu kidogo, akasema amelipata.

Mtihani wa kuzungumza ulikuwa mwepesi kwake. Aliletewa sauti ya mgonjwa sikio moja na ya daktari sikio la pili, na kwa mtu aliyeishi katika masikio yake kwa muda wote huo, kazi ilikuwa kuyaacha maneno yapite. Akapewa zamu za asubuhi, za wodi za wazazi, kwa majaribio kwanza.

Asubuhi ya zamu ya kwanza Ifrah alichelewa kutoka kwa makusudi. Alimpangia meza, akamwekea chai mkono wa kulia, akazunguka chumbani bila kazi maalumu. Zakariye alimwambia aende zake, wateja watamkimbia. Kabla hajaondoka akamuuliza kama Mumin ameweka kitu kingine chochote ndani ya kompyuta. Ifrah akaapa hapana. Zakariye hakubishana naye, ila alifungua lile dirisha jeusi akahakikisha mwenyewe, huku dada yake amesimama mlangoni akimtazama. Kisha simu ya kwanza ikaita, naye akamwashiria kwa mkono afunge mlango.